Posture, bearing, carriage, stance: wadau, Kiingereza kinatofautisha nini hapa?

#1 Kalamu Kavu
Habari zenu wadau. Nina andiko la Kiingereza natakiwa kulileta kwa Kiswahili, habari za ofisa wa jeshi mstaafu. Ndani ya ukurasa mmoja mwandishi katumia "posture", "bearing", "carriage" na "stance", na jinsi alivyozipanga ni wazi hakuwa anakwepa kurudia neno tu. Kuna mahali anasema "posture" ya mzee imeharibika lakini "bearing" bado ni ileile. Kamusi yangu inanipa mkao, mkao, mkao, msimamo. Nikiifuata, nitaandika kwamba mkao wake umeharibika ila mkao wake uko palepale. Msomaji ataniona chizi.

Mwenye kujua atoe darasa. Sitaki jibu la "yote ni yaleyale".

#2 Bundi Mchana
Yote ni yaleyale.

#3 Kalamu Kavu
Nilijua tu utatangulia wewe.

#4 Nyonga na Goti
Mkuu mleta mada, mimi kazi yangu ni fiziotherapia, nitasema ya upande wangu. "Posture" ni mpangilio wa mwili: kichwa kimekaaje juu ya mabega, mabega juu ya nyonga, uti wa mgongo umejipinda kiasi gani. Ni kitu cha kupimika. Mgonjwa anasimama, mimi nakaa ubavuni kwake na timazi. Uzi unatakiwa upite kwenye ndewe ya sikio, ncha ya bega, kifundo cha nyonga, kisha mbele kidogo ya katikati ya goti na mbele kidogo ya kifundo cha mguu. Sikio likiwa mbele ya uzi najua huyu anashinda ameinamia simu au kompyuta.

"Bearing" siwezi kuipima kwa uzi. Mtu aliyelala fofofo ana posture, nzuri au mbaya, lakini bearing hana mpaka aamke. Hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu.

#5 Mzee Gwaride
Daktari amemaliza ya mifupa, niachieni "bearing".

Kwa majeshi yanayotumia Kiingereza hili si neno la mapambo. Kikosi cha Marines cha Marekani kina sifa 14 za uongozi ambazo kila kurutu anakaririshwa. Bearing ni mojawapo, imepangwa safu moja na haki, ujasiri na uaminifu. Maelezo yao kwa ufupi: kuacha picha nzuri kwa jinsi unavyojiweka, unavyoonekana na unavyotenda, wakati wote. Na pale kwenye "unavyojiweka" wametumia neno "carriage". Yaani kwao carriage ni kipande tu ndani ya bearing.

Sasa vuta picha. Mkufunzi anamfokea kurutu, pua kwa pua, mate yanamrukia, nzi ametua kwenye kope. Kurutu hapepesi. Hiyo ndiyo bearing. Akiangua kicheko wanasema ameipoteza, hata kama mgongo umenyooka wima na visigino vimegusana. Kwa hiyo mzee wa kwenye andiko lako mgongo umepinda kwa uzee, lakini yale mafunzo hayajatoka. Kiswahili tunalo neno lake: ukakamavu.

#6 Kalamu Kavu
Shukrani Mzee Gwaride. Ukakamavu umenigusa. Shida ni kwamba huko mbele mwandishi anaitumia bearing hiyohiyo kwa mke wake, mama mpole asiyejua gwaride. Ukakamavu hapo utamvisha buti.

#7 Mizizi ya Neno
Tuchimbe chini kidogo. "Bearing" inatokana na "bear", Kiingereza cha kale "beran", kubeba. "Carriage" ni ya kubeba vilevile, imepitia Kifaransa cha kaskazini. "Deportment" na "comportment" zina "porter" ndani, kubeba tena. Zamani hata "port" peke yake ilikuwa na maana ya jinsi mtu anavyojiweka. Kwa hiyo kuna familia nzima inayouona mwili kama mzigo unaobebwa na mwenyewe.

Familia ya pili ni ya kuweka: "posture", "position", "pose", zote kutoka Kilatini "ponere". Ya tatu ni ya kusimama: "stance", na ndugu yake "stanza", ubeti. Ya nne ni "demeanour", yenye "mener" ya Kifaransa, kuongoza au kuswaga.

Hoja yangu: kilichowekwa kinaweza kuwekwa na mtu mwingine, kama mpiga picha anavyokupanga. Kilichobebwa lazima mwenyewe uwe unabeba. Ndiyo maana mpiga picha anakupa pose lakini hawezi kukupa bearing.

#8 Darubini
Mizizi, umeingiza "pose" kwenye familia isiyo yake. "Poser" ya Kifaransa inatoka kwa "pausare" ya Kilatini cha baadaye, kutua au kupumzika, ukoo wa "pause". Wafaransa ndio waliozichanganya na "ponere" kwa sababu zimefanana sauti na maana.

#9 Mizizi ya Neno
Kwa asili uko sahihi, ila karne zote hizo imelelewa kwenye nyumba ya ponere. Mtoto anafuata mlezi.

#10 Bundi Mchana
Subirini kwanza. "Deportment" ndio ndugu wa "deport", kumfukuza mtu nchini? Kwa hiyo adabu na kufukuzwa ni mtu na dada yake?

#11 Ticha wa Zamani
Ndiyo, Bundi. Moja ni kujibeba, nyingine ni kubebwa ukatupwe mbali. Kwa tabia zako humu ndani zote mbili zitakufaa.

Ila niseme kuhusu deportment kwa uzito wake. Hili ni neno la shule. Katika shule nyingi za wasichana za Uingereza kulikuwa na masomo ya deportment kabisa: kutembea na kitabu kichwani kisidondoke, kukaa kitini bila kugeuka kukitafuta, kushuka ngazi bila kutazama miguu. Aliyefuzu alivikwa mshipi au beji ya deportment. Kwa hiyo deportment hufundishwa, hutuzwa na huweza kuwa ya kuigiza. Charles Dickens alilimaliza neno hili katika Bleak House (1852–53). Alimchora bwana mmoja, Turveydrop, asiyefanya kazi yoyote duniani isipokuwa kuwa mfano wa deportment, huku mwanawe anayefundisha dansi akimlisha. Tangu hapo ukilitumia kwa mtu mzima linakuja na kicheko kidogo kwa nyuma.

Kwa mke wa ofisa usithubutu kuliweka.

#12 Mchokoza Mada
Mnazunguka mbuyu. Suala hapa ni tabaka. Waingereza waligawa maneno kama walivyogawa viti vya treni. Bwana mkubwa ana "bearing", bibi mkubwa ana "carriage", kijakazi ana "posture", na mkulima ana mgongo tu. Maneno ya Kifaransa walipewa wakubwa, ya nyumbani wakaachiwa walalahoi. Tafuteni Mwingereza aliyeandika kuhusu "noble posture" ya lodi. Hamtampata.

#13 Darubini
Nadharia tamu lakini imejikwaa mlangoni. Katika orodha yako "bearing" ndiyo ya nyumbani, ya Kiingereza cha kale kama alivyoonyesha Mizizi #7. "Posture" ndiyo iliyokuja kwa meli, kutoka Kifaransa na Kitaliano. Kwa hesabu yako lodi kapewa neno la mkulima na kijakazi kapewa la ikulu.

#14 Mchokoza Mada
Asili si hoja, hoja ni matumizi. Jibu hilo la lodi kwanza.

#15 Kona ya Ulingo
Hakuna aliyegusa "stance" mpaka sasa na ndiyo rahisi kuliko zote. Stance ni miguu. Katika ndondi kuna "orthodox", mguu wa kushoto mbele, na "southpaw", wa kulia mbele. Katika gofu kuna stance ya mraba, ya wazi na iliyofungwa, na zote zinaeleza miguu imepangwaje kuhusiana na mstari wa shabaha. Mgongo, mabega na kichwa vinafuata baadaye. Kocha akikwambia rekebisha stance unatazama chini, akikwambia rekebisha posture unavuta kifua. Halafu stance ni ya kujiandaa kwa jambo: kupiga, kupigwa au kukwepa. Hakuna mtu mwenye stance ya kungoja chakula.

#16 Bundi Mchana
Kiswahili kinao "mkao wa kula", mkuu.

#17 Kona ya Ulingo
Huo ni mkao, Bundi. Sikusema msimamo wa kula.

#18 Nyonga na Goti
Nimrekebishe kidogo Kona ya Ulingo, maana stance si ya aliyesimama tu. Sisi tunapochambua mwendo wa mtu, yaani "gait", kila hatua ya mguu tunaigawa mara mbili. Kipindi ambacho mguu umekanyaga chini tunakiita "stance", na kile ambacho unaning'inia ukisonga mbele tunakiita "swing". Kwa mtu mzima anayetembea kawaida stance inachukua takriban asilimia 60 ya mzunguko na swing 40. Mwenye maumivu ya goti anafupisha stance ya mguu ule, anaudokoa chini na kuuondoa haraka. Ukimsikiliza tu akipita koridoni unajua ni mguu upi. Kwa hiyo stance iko hata ndani ya kutembea.

Na kwa vile "gait" imetajwa: hilo ni neno la kitabibu na la farasi. Kwa mtu mzima wa kawaida Waingereza wanasema "walk" tu. Ukiandika gait msomaji anahisi kuna kasoro inakuja.

#19 Kona ya Ulingo
Bado ni mguu uliokanyaga chini. Nimebaki palepale, na huo ndio msimamo wangu 😄

#20 Wakili Pembeni
Jamani "demeanour" isipite hivihivi, ni mkate wetu. Katika mahakama zinazofuata mfumo wa Kiingereza, jaji aliyesikiliza kesi anaruhusiwa kupima ukweli wa shahidi pia kwa demeanour yake: anasita wapi, anatazama wapi, sauti inabadilika lini. Ndiyo maana mahakama ya rufaa inasita kupindua alichoamini jaji wa kwanza, kwa kuwa yenyewe imesoma karatasi tu. Lakini majaji wengi wameshaonya kwamba kipimo hiki kinadanganya. Muongo mzoefu anatulia, mkweli mwoga anatoka jasho.

Ona sasa: shahidi anaweza kukaa kizimbani na posture mbovu kabisa na demeanour yake ikaaminika. Demeanour ni uso, sauti, mikono na utulivu kwa pamoja, na ni ya tukio moja. Bearing mtu anatoka nayo nyumbani.

Na "misdemeanour" ni mtoto wa neno hilohilo, mwenendo mbaya. Uingereza walifuta mgawanyo wa felony (kosa kubwa) na misdemeanour (kosa dogo) mwaka 1967, Marekani bado wanao.

#21 Mchokoza Mada
Kwa hiyo "demean", kudhalilisha, nayo ni ya humo?

#22 Mizizi ya Neno
Hapana. Ile imetengenezwa kutoka "mean", duni. Zimefanana kwa bahati, na zimewachanganya Waingereza wenyewe mpaka "demean oneself" ya zamani, kujiweka, ikafifia.

#23 Zamu ya Usiku
Salaam. Kwa wauguzi wa chumba cha mahututi kuna "posturing" ambayo haimo kwenye orodha yenu, na ukiiona damu inakuganda. Mgonjwa ameumia ubongo, hana fahamu, unamfinya kuona kama ataitikia. Badala ya kuusukuma mkono wako, mikono yake inajikunja polepole kuelekea kifuani, ngumi zimefumbwa, miguu inakakamaa imenyooka. Aina ya pili mikono inanyooka kandokando ya mwili na viganja vinageukia nje. Hiyo ni mbaya zaidi. Kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotolewa 1974, kipengele cha kujongea kina alama 6. Kujikunja huko ni 3 na kunyooka ni 2.

Ninachotaka kusema ni kwamba pale hakuna nia, hakuna haiba, hakuna mafunzo. Ni ubongo unaupanga mwili wenyewe. Na Kiingereza kikachagua neno la ukoo wa posture, hakikugusa bearing wala stance. Nyonga na Goti #4 naona yuko sawa.

#24 Mchokoza Mada
Pole na kazi dada. Lakini nje ya hospitali "posturing" ni kinyume chake kabisa. Mwanasiasa akiambiwa ana-posture, maana yake anajitutumua, anatunisha misuli asiyonayo. Ni nia tupu bila mwili. Tena jeshi la Marekani lina "Nuclear Posture Review", ripoti ya mapitio ya silaha za nyuklia, ya kwanza ilitoka 1994, na mabomu hayana uti wa mgongo. Kwa hiyo nadharia ya mwili inavuja.

#25 Darubini
Haivuji. Posture ya nyuklia ni mpangilio: silaha zipi, ziko wapi, ziko tayari kiasi gani. Ni timazi ileile ya #4 imeshushwa kwenye maghala.

#26 Rubani wa Karatasi
Mmesahau "attitude". Kwenye ndege attitude ni jinsi mwili wa ndege ulivyokaa ukilinganisha na upeo wa macho: pua juu au chini, bawa lipi limelala. Chombo kinachoonyesha ni duara lenye rangi ya buluu juu kwa anga na kahawia chini kwa ardhi, na alama ndogo ya ndege katikati. Ukiwa ndani ya wingu, mwili wako utakuapia kwamba umenyooka huku ndege inapinda, kwa hiyo unafundishwa kukiamini chombo na kuacha kuamini makalio yako. Ndege haina kiburi wala unyenyekevu, lakini attitude inayo.

Na bearing kwetu ni nyuzi kutoka kaskazini kwenda kwenye kitu fulani. "Lose your bearings" ni kupotea njia.

#27 Mizizi ya Neno
Rubani kanikumbusha. "Attitude" iliingia Kiingereza karne ya 17 kama neno la wachoraji na wachongaji: sanamu imepangwaje, mkono uko wapi, uzito umelalia mguu upi. Maana ya akilini ilikuja baadaye kwa sababu mwili uliopangwa hivyo ulionekana kusema jambo. Emma Hamilton, mke wa balozi wa Uingereza kule Naples, mwishoni mwa karne ya 18 alikuwa akiwaburudisha wageni kwa kujipanga kama sanamu za kale mbele yao, shali mkononi. Maonyesho hayo yaliitwa "Attitudes". Katika baleti bado lipo: mguu mmoja umesimama, mwingine umeinuliwa goti limekunjwa. Carlo Blasis, mwalimu wa baleti wa Kiitaliano, alilihusisha pozi hilo na sanamu ya mungu wa Kirumi Mercury iliyochongwa na Giambologna.

#28 Bundi Mchana
Kwa hiyo bosi wangu akisema nina attitude nimwambie asante, mimi ni sanamu.

#29 Ticha wa Zamani
Jaribu kesho. Halafu utuletee maana ya "deport" kwa vitendo.

#30 Dada Mizani
Na "poise"? Kwa wanamitindo na wacheza dansi ndilo neno kubwa kuliko hayo yote. Ni utulivu ulio kwenye mwili na usoni kwa wakati mmoja. Mtu amejikwaa jukwaani, kiatu kimevuka, akaendelea kana kwamba ilipangwa. Mgongo wowote ulionyooka unaweza kuitwa good posture, lakini poise inahitaji jambo la kuitikisa.

#31 Bundi Mchana
Poise ni kipimo cha mnato wa vimiminika. Nilisoma fizikia mimi.

#32 Darubini
Hiyo ni poise nyingine, imefupishwa kutoka jina la Mfaransa Poiseuille. Ya Dada Mizani inatoka kwenye neno la uzito, lililo ndani ya "avoirdupois", mfumo wa Waingereza wa kupima uzito kwa ratili na wakia. Ni uzito uliopata mizani yake, jina lake mwenyewe limesema.

#33 Kalamu Kavu
Wadau mmenipa zaidi ya nilichoomba. Kwa sasa nimejaribu hivi: "Mgongo ulikuwa umeanza kumpinda, lakini ukakamavu wake haukuwa umeguswa." Na kwa mke: "alikuwa na utulivu wa mtu aliyezoea kutazamwa". Carriage bado. Nimefikiria "anavyojibeba".

#34 Mzee Gwaride
"Anavyojibeba" hapana kijana. Hicho ni Kiingereza kimevaa kanzu. Sisi tulisema mtu anavyojiweka.

#35 Dada Mizani
Mzee wangu, shikamoo, lakini "anajibeba" watu wanaisema kila siku na hawajakaa kutafsiri chochote. Kujiweka kuna maana ya nguo na usafi pia. Ukisema "anajiweka vizuri" mimi naona manukato na viatu, sioni shingo na mabega. Carriage ni shingo na mabega.

#36 Mzee Gwaride
Marahaba. Basi sema "alivyojishika". Kujibeba atajibeba vipi, yeye ni gunia?

#37 Mizizi ya Neno
Mzee, ndicho hasa Waingereza walichosema, #7 😂

#38 Mfugaji wa Mbwa
Carriage mtaipata kwa wanyama kirahisi kuliko kwa watu. Kwenye maonyesho ya mbwa, vigezo vya kila aina ya mbwa vinaandika "tail carriage" na "head carriage": mkia ubebwe juu, ujikunje mgongoni, au ushuke usivuke mstari wa mgongo. Jaji anakuamuru umkimbize mbwa kwa mchakamchaka ili aone gait, kisha anamtaka asimame atazame stance. Mkia wa mbwa aliyeshtuka unashuka na carriage inaharibika palepale, kwa hiyo wanaosema carriage ni ya kudumu wafikirie upya. Na kwa farasi, jinsi mpanda alivyokaa inaitwa "seat", si posture. Mpanda mzuri ana "good seat".

#39 Nyonga na Goti
Nimependa hilo la mkia. Kwa binadamu neno posture lina historia yake ya kupimwa ambayo hatujaigusa. Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 posture iligeuka suala la afya ya taifa, mpaka ikaundwa American Posture League mwaka 1914. Shule zikapima watoto. Vyuo vikubwa, Harvard, Yale na Wellesley vikiwemo, viliwapiga picha za utupu wanafunzi wapya kwa jina la kukagua posture, na hilo liliendelea hadi miaka ya 1960. Picha hizo zilipozungumzwa hadharani mwaka 1995 watu walishtuka. Nadhani ndiyo sababu neno hili linanuka zahanati. Bearing hakuna aliyewahi kuivua nguo ili aipige picha.

#40 Wakili Pembeni
Hii ndiyo sababu halisi kwangu, si mizizi ya Kilatini. Maneno yametenganishwa na watu walioyashika: daktari kachukua posture, jeshi bearing, mahakama demeanour, bondia stance, shule deportment. Ungewapa kwa mpangilio mwingine leo tungekuwa tunatetea mpangilio huo.

#41 Mizizi ya Neno
Na kwa nini kila mmoja alichukua lile lile lililomfaa? Bahati?

#42 Wakili Pembeni
Nani kasema lilimfaa? Lilizoeleka.

#43 Zamu ya Usiku
Tusisahau za kuharibika, maana huko ndiko Kiingereza kina utajiri. "Stoop" ni kuinama kwa urefu, umri au mlango mfupi. "Hunch" ni mabega kupanda masikioni, baridi au hofu, sisi tunasema kujikunyata. "Slump" ni kuporomoka ukiwa umekaa, kiwiliwili kimekata tamaa. "Slouch" ni uvivu wa kudumu, unaweza hata kutembea nao. Mgonjwa aliyezimia kwenye kiti amefanya slump, hajafanya slouch. Ukiandika slouch kwenye faili unamtukana.

#44 Mchokoza Mada
Na zote zinageuka kuwa hukumu! "Stoop to" kufanya jambo ni kujishusha hadhi, "upright" ni mwadilifu. Mwenye kibyongo hapo kafanya kosa gani? Nilisema tangu #12 kwamba hii ni lugha ya wakubwa.

#45 Darubini
Kiswahili nacho kinasema mtu mnyoofu.

#46 Mchokoza Mada
Basi na sisi tuna wakubwa.

#47 Dada Mizani
Kuna jipya nalo: "manspreading", mwanaume kuketi ndani ya treni kapanua mapaja kachukua viti viwili. Mamlaka ya usafiri ya New York ilibandika matangazo ya kuwakataza mwishoni mwa 2014, na mwaka 2015 neno likaingia kwenye kamusi ya mtandaoni ya Oxford. Hiyo tuiweke wapi? Posture, pose au attitude?

#48 Nyonga na Goti
Posture. Nyonga zimefunguka, magoti yametazama nje.

#49 Wakili Pembeni
Pingamizi. Mgonjwa wa nyonga akikaa hivyo kwa maumivu hakuna atakayemwita hivyo. Neno lina tuhuma ndani yake, na tuhuma inahitaji nia.

#50 Kona ya Ulingo
Miguu imepanuliwa, eneo linalindwa, jamaa yuko tayari kwa lolote. Stance hiyo.

#51 Dada Mizani
Amekaa, Kona! Stance ya kukaa umeitoa wapi?

#52 Kona ya Ulingo
Muulize Mfugaji, "seat" ya farasi nayo ni ya kukaa na bado ina visigino na magoti ndani yake. Kuna mtu anajua kwenye mieleka ya sumo wanapochutama kabla ya kurukiana Waingereza wanaiita stance au crouch? Nimeona zote mbili.